Dakika Kumi za Mama Lusungu

Zipu ilifika kiunoni ikagoma. Faraji, kijana wa kazini kwake Editha, akaishika kwa vidole viwili, akaishika kwa mikono miwili, mwisho akaweka goti mgongoni mwa Editha kama mtu anayefunga gunia la mkaa, akavuta. Ile nguo ya kuzamia, nyeusi, ya mpira, ilimkaa Editha vizuri kabisa miaka minane iliyopita. Sasa ilimkaa kwa ugomvi.

"Maza, vuta pumzi ndani," Faraji alisema.

"Nimeshavuta."

"Basi toa."

"Nikitoa si itapasuka?"

Akatoa. Ikapasuka. Mlio wake ulifika mpaka kwenye bwawa kubwa, walikosimama wanafunzi wa darasa la sita waliokuja kuangalia kasa. Watoto wale walikuwa wameshachoka, maana kasa hana haraka na mtu, kwa hiyo waligeuka wote arobaini kuangalia kitu chenye vituko zaidi. Mwalimu wao aliwakataza kucheka huku yeye mwenyewe amejifunika mdomo kwa daftari la mahudhurio.

Editha Mapunda alikuwa na miaka arobaini na mitatu, na kumi na miwili kati ya hiyo aliitumia katika kituo hicho cha Kigamboni, kinachotibu kasa waliokatwa na nyavu, waliogongwa na boti na waliomeza mifuko ya plastiki wakidhani ni chakula. Kazi yake ilikuwa kuwabeba, kuwaogesha, kuzama kukata nyavu zilizowanasa, na siku wakipona kuingia nao baharini na kuwaachia. Hiyo ndiyo iliyoandikwa kwenye mkataba. Lakini kila vijana wapya walipoajiriwa, wao ndio waliotumwa majini, na Editha, kwa heshima ya ukongwe, alibaki juu akikatakata ngisi wa kuwalisha kasa. Cheo kimenenepesha wengi nchi hii, ila yeye alinenepa na hata cheo chenyewe hakuwa nacho.

Saa sita mchana aliitwa na Daktari Talha, mkuu wa kituo, kijana wa Tanga mwenye miaka thelathini na mmoja na adabu za kutosha watu watatu.

"Shikamoo mama," daktari alisema.

"Marahaba." Editha akajua mambo yameharibika. Daktari alikwishamwamkia asubuhi. Shikamoo ya pili siku hiyohiyo haiwi ya heri.

"Mama, mwezi uliopita kasa wa kilo tisini alikuponyoka."

"Alikuwa na utelezi."

"Kasa wote wana utelezi, mama. Na wiki ile ya nyavu ulitoka majini ukakaa mchangani nusu saa huwezi kusema. Mie niliogopa." Akamsogezea karatasi. "Baada ya wiki sita tutapimwa wote tunaoingia majini. Na mimi nimo. Kuogelea mita mia nne bila kusimama. Kuzama mita nne na kuleta jiwe. Kubeba machela watu wawili, kilo themanini, kutoka ufukweni mpaka bwawani. Mwisho kuelea wima dakika kumi, mahali pamoja, bila kushika kitu. Atakayeshindwa hatuwezi kumruhusu kuingia majini tena."

"Ataenda wapi?"

"Mapokezi. Kukata tiketi. Pana feni."

"Nifanye nini na feni, baba?"

Daktari akatazama meza. Kumfukuza mtu mzima ni kazi ngumu, lakini kumpa feni ni ngumu zaidi.

"Nipungue kilo ngapi?" Editha akauliza.

"Sijasema upungue, mama. Nimesema uwe na nguvu na pumzi."

Lakini mtu aliyepasukiwa na nguo mbele ya watoto arobaini hasikii vizuri. Editha alitoka ofisini amebeba neno moja tu, kupungua, ambalo hakuna aliyelisema isipokuwa yeye.

Nyumbani kwao Mtoni Mtongani, mumewe Gregori alikuwa na habari zake. Gregori alikuwa fundi wa makochi pale Keko, mtu mwembamba kama ubao wa dari, na unene wa mkewe ndio uliokuwa bango lake la biashara. Mtu akimtania kwamba upepo utambeba, alimwonyesha Editha kwa kidole: "Mnaona yule? Anakula kwangu." Jumapili alipenda kutembea hatua mbili nyuma yake kutoka kanisani, watu waone.

Usiku huo Editha akamega ugali matonge mawili, akanawa.

"Unaumwa?" Gregori akauliza.

"Siumwi."

"Nimekukosea?"

"Hujanikosea, Baba Lusungu. Nataka kupungua. Kuna mtihani kazini." Akamweleza yote, mpaka zipu, mpaka feni. Alipofika kwenye mapokezi, Gregori akaacha kutafuna.

"Mapokezi? Yaani unakaa?"

"Nakaa."

"Kwenye kiti? Chenye mto?"

"Nitajuaje kama kina mto?"

"Nitakutengenezea mimi!" Gregori alisema, na uso wake ukang'aa kwa furaha isiyokuwa na adabu. "Mama Lusungu, hiyo si adhabu, hiyo ni baraka. Kupungua upungue ili iweje? Kochi likitolewa sponji nani atalikalia? Watu watasema simlishi mke wangu. Watasema ana maradhi, wataanza kuniangalia na mimi."

Kulikuwa na jambo jingine ambalo hakulisema. Kwa miaka yote hiyo watu wa jumuiya yao ya kanisani walijua kwamba Editha ni afisa ofisini, kwenye mambo ya bahari. Gregori ndiye aliyewaambia. Wakiuliza afisa gani, alibadilisha mazungumzo.

"Sitaki kiti," Editha akasema, akanyanyua vyombo. Binti yao Lusungu alikuwa shule ya bweni Songea, kwa hiyo hapakuwa na wa kumsaidia kuibeba hasira ile ila sufuria, nazo alizisugua mpaka jirani akagonga ukuta.

Jirani huyo alikuwa Salma, mwanamke wa Kizaramo mwenye ulimi mwepesi na moyo mwema, vitu viwili ambavyo vikikaa pamoja huleta msaada mwingi usioombwa. Kesho yake alfajiri alikuja na fulana ya njano.

"Shoga, nimesikia unataka kupungua."

"Umesikia wapi?"

"Ukuta wenu una tundu. Vaa hii. Sie tuna klabu ya jogging, Mkwaju Veterani, kila Jumapili saa kumi na moja. Wewe unasali misa ya pili, muda unao. Mie ndiye mweka hazina."

Editha akakimbia na Mkwaju Veterani. Walikuwa watu sitini, wote wa njano, wakishika njia nzima wakiimba na kupuliza filimbi, na magari yakiwasubiri kwa heshima ambayo hawaipati siku nyingine. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi alisikia moyo wake ukigonga na akafurahi. Alimaliza wa mwisho, akapigiwa makofi kuliko wa kwanza.

Kisha wakaketi kula supu.

Hilo hakuambiwa. Jogging yote ya upande ule wa mji huishia kwenye sufuria la supu, na wapo wanachama, tusiwataje, ambao mbio huzifuata kwa bodaboda na supu huifikia kwa miguu. Ilikuwa supu ya kongoro, miguu ya ng'ombe, na chapati mbili, na ndimu, na pilipili ya kuponda, na mpishi alikuwa mweka hazina mwenyewe.

"Mie niache, Salma. Nafanya mazoezi."

"Umekimbia hujakimbia?"

"Nimekimbia."

"Basi umepoteza nguvu, rudisha! Mtu haachi supu ya klabu, shoga, ni kama kuacha ubani msibani."

Hapo Editha akapokea bakuli, maana kukataa chakula cha watu wengi ni kuwatukana wengi. Jumapili ya pili alikula chapati tatu. Jumapili ya tatu Gregori naye alitokea, amevaa fulana ya njano inayompwaya, akidai amekuja kumwangalia mkewe, na kabla jua halijapanda alikwishachaguliwa katibu wa kamati ya supu. Jumatatu yake Editha akapanda mzani wa mama wa duka la dawa, akashuka, akapanda tena. Alikuwa ameongezeka kilo tatu.

"Ni mzani," mama wa duka alisema kwa huruma.

"Si mzani," Editha akasema. "Ni kongoro."

Zilikuwa zimebaki wiki tatu.

Faraji ndiye aliyemwokoa, kwa kumcheka kwanza.

"Maza, kwani daktari amesema utapimwa kwenye mzani? Onyesha kwenye karatasi."

Editha akaisoma karatasi upya, mstari kwa mstari. Hapakuwa na mzani. Palikuwa na kuogelea, na jiwe, na machela, na dakika kumi. Alijisikia mjinga, kisha akajisikia mwepesi, na wepesi ule haukuhusiana na kilo.

Kuanzia siku hiyo aliondoka nyumbani saa kumi na nusu alfajiri, akavuka daraja, na saa kumi na mbili alikuwa majini mbele ya kituo amevaa tisheti na suruali ya kubana, akiogelea kandokando ya ufukwe huku Faraji akitembea mchangani akimhesabia. Siku ya kwanza alifika mita sitini akashika mguu wa Faraji kama mdaiwa. Siku ya tano, mia na arobaini. Wiki ya pili alifika mia tatu, akakaa mchangani akalia, na alipoulizwa akasema chumvi. Nyumbani alipandisha ndoo za maji ngazi za nyumba ya Salma juu na chini, Salma akimfuata nyuma na ndizi mbivu ikitokea atazimia. Na jioni alijifungia uani na beseni la maji akazamisha uso, kujifunza kubana pumzi.

Beseni ndilo lililoleta balaa. Gregori alirudi mapema siku moja, akafungua mlango wa uani, akamkuta mkewe amepiga magoti, kichwa kiko ndani ya maji, hatikisiki.

Yowe alilopiga lilikusanya nyumba nne. Alimnyanyua Editha kwa nguvu ambazo hakuna aliyejua anazo, beseni likapinduka, na Editha akamaliza kukohoa ndipo akaanza kutukana.

"Nilikuwa sekunde ya arobaini na nane! Arobaini na nane, Baba Lusungu! Sijawahi kufika!"

"Nilidhani umekufa."

"Kwenye beseni?"

Majirani wakacheka, na Gregori akacheka pamoja nao ili asionekane vibaya. Lakini kesho yake hakwenda Keko. Alikwenda ofisi ya parokia.

Utaratibu wa pale parokiani ulikuwa hivi. Mtu mwenye nia, yaani ombi la kusomwa misani, anaiandika kwenye karatasi na sadaka yake, na katibu wa parokia, mama mmoja makini sana, anazifupisha zote ziwe mstari mmoja: nia za familia mbalimbali. Mungu anajua, watu hawajui. Gregori aliuamini utaratibu huo kwa moyo wote, ndiyo maana aliandika kwa kirefu na kwa mwandiko mzuri. Asilolijua ni kwamba katibu alikuwa ameenda msibani Iringa, na katekista Augustine, mzee mnyofu ambaye hajawahi kuruka nukta ya maandishi yoyote, ndiye aliyeshika karatasi Jumapili hiyo.

Kanisa lilijaa. Maombi ya waamini yakafika. Augustine akavaa miwani.

"Familia ya Komba wanamshukuru Mungu kwa kumaliza salama ujenzi wa choo. Ee Bwana."

"Twakuomba utusikie," waamini wakaitikia.

"Gregori Mapunda wa Jumuiya ya Mtakatifu Anna anamwomba Mwenyezi Mungu amjalie mke wake Editha ashindwe mtihani wa kuogelea Jumamosi ijayo, aache kubeba kasa, ahamishiwe mapokezi, akae kwenye kiti. Ee Bwana."

"Twakuomba utusikie!"

Waliitikia wote, watu mia sita, kwa mazoea. Editha mwenyewe aliitikia, tena kwa sauti, maana alikuwa na sauti nzuri. Neno lilipomtoka ndipo masikio yalipomfikishia alichokiombea. Akageuka taratibu. Benchi zima likageuka. Gregori alikuwa ameinama anafunga kamba ya kiatu kisichokuwa na kamba.

"Kubeba kasa?" mwenyekiti wa jumuiya akanong'ona kutoka benchi la nyuma. "Si ni afisa?"

Editha alikaa mpaka mwisho wa misa. Alipokea komunyo, akatoa sadaka, akasalimia watu mlangoni, na kila aliyempa mkono alimpa na macho ya pembeni. Mama mmoja alimwuliza kwa upole kama kasa huyo ni wa kula. Kurudi nyumbani, Gregori alitembea hatua mbili nyuma yake kama kawaida, kisha nne, kisha akapotelea kwenye kibanda cha kahawa.

Siku mbili Editha hakumsemesha. Chakula aliweka, maji ya kuoga aliweka, maneno hakuweka. Akihitaji jambo alimwambia Salma kupitia tundu la ukuta, na Salma alikwenda mpaka mlango wa mbele kumfikishia Gregori, akiongeza chumvi yake njiani.

"Mkeo anasema umnunulie sabuni. Na anasema kikulacho ki nguoni mwako."

"Hilo la pili kasema yeye au wewe?"

"La pili langu. Lakini sabuni yake."

Usiku wa Jumanne Gregori hakuvumilia. Alikaa kwenye kochi, la kwake mwenyewe, ambalo kwa bahati mbaya lilikuwa zuri mno kwa mtu anayetakiwa kuteseka.

"Sikujua watasoma yote," alisema.

Editha akaweka pasi chini. "Kwa hiyo kosa ni la aliyesoma?"

"Sijasema hivyo."

"Umekwenda kunishtaki kwa Mungu, Baba Lusungu. Mtu mwingine angeniombea nishindwe ningemwita mchawi. Wewe nikuiteje?"

Gregori akafungua mdomo kusema lile la watu kusema hamlishi, akaona halimfai hata yeye mwenyewe.

"Naogopa," alisema. "Basi. Naogopa. Mie kwetu Peramiho maji tuliyajua ya kisima. Kila ukienda kule mie siku nzima napigilia misumari pasipo pake. Redio ikisema bahari imechafuka nazima mashine nakaa tu. Simu yangu ikiita namba nisiyoijua siwezi kupokea, nampa fundi mwenzangu apokee. Halafu nikukute uani, kichwa ndani ya beseni..." Akajifanya anakohoa.

"Miaka kumi na miwili hujasema hata siku moja."

"Mwanamume atasemaje? Atasema anaogopa kasa?"

Editha alimwonea huruma, na alichukia kumwonea huruma kabla hasira haijamwisha. Akavuta stuli akakaa mbele yake.

"Sasa nisikilize na mie. Huku juu nikipanda ngazi ngazi inanilalamikia. Nikikaa kiti kinanilalamikia. Zipu ndiyo hiyo umeisikia. Kule ndani hakuna kinachonilalamikia. Halafu unamshika mnyama aliyekuja amekatwa mpaka mfupa, umemlisha miezi minne kwa mkono wako, umemwogesha kama mtoto, unaingia naye mpaka kifuani, unamwachia, na anaondoka hageuki hata kukuaga. Hageuki, Baba Lusungu. Sijawahi kuona kitu kizuri kama hicho. Mie nataka niwepo pale. Ukinipa kiti chenye mto utakuwa umenizika."

Editha akarudi kwenye pasi, akakuta shati limeungua kidogo kwenye kola. Lilikuwa la Gregori, kwa hiyo hakusikitika sana.

"Jumamosi uje uone," alisema. "Usiombe. Uje uone tu."

Jumamosi bahari ilikuwa shwari. Daktari Talha alianza yeye, kwa haki, akamaliza mita mia nne akahema mpaka watu wakamhurumia. Editha aliogelea wa mwisho, polepole, na alipofika mwisho hakushika mguu wa mtu. Gregori alikuwa hajafika.

Kwenye jiwe ndipo alipopata tabu. Maji yalimkataa kuzama. Alijitupa chini, yakamrudisha juu. Akajitupa tena, yakamrudisha, na makalio yakatangulia, na walinzi wa kituo wakaangalia pembeni. Mara ya tatu aliitoa pumzi yake karibu yote kwanza, jambo ambalo wiki sita zilizopita lingemtisha, akashuka katika giza la kijani mpaka mchangani, akalikumbatia jiwe akapanda nalo. Machela waliibeba yeye na Faraji. Faraji aliteleza mara moja, Editha hakuteleza.

Zikabaki dakika kumi. Waliingia yeye na Faraji, maji ya kina kirefu, mita thelathini kutoka ufukweni, na boti ndogo pembeni yao. Daktari akapuliza filimbi.

Hapa ndipo Mungu, kama alikuwa na jibu, alipolitoa. Faraji, kijana mwenye kifua cha mbao na tumbo lenye vipande sita, hakuwa na mafuta hata ya kukaangia yai, na mtu asiye na mafuta bahari haimbebi. Dakika ya tatu alikuwa anapiga miguu kama anafukuzwa. Dakika ya sita alimeza maji. Dakika ya tisa aliomba boti, akavutwa, akalala ndani anakohoa. Editha alikuwa wima palepale, maji yakimfika kidevuni, akisukuma mguu mmoja mmoja bila haraka. Yale aliyoyachukia kwenye kioo yalikuwa yamemshika kwapani yakamwinua kama ndugu. Macho yake yalielekea mbali, upande wa bahari kuu, na uso wake ulikuwa umetulia kabisa.

Ni wakati huohuo bodaboda ilipomshusha Gregori. Alikuwa amevaa suruali ya kanisani na viatu vyeusi, na chupa ya chai mkononi. Alichokiona ni hiki: boti inampakia kijana aliyelegea, na nyuma ya boti kichwa cha mkewe, kimekaa juu ya maji, hakitikisiki.

"Mama Lusungu!" aliita.

Editha alisikia. Hakujibu, maana pumzi alikuwa anaitunza.

"Editha!"

Kwa mara ya kwanza tangu wamzae Lusungu alimwita jina lake. Chupa ya chai ikaanguka. Daktari Talha alinyoosha mkono kumshika akashika hewa. Gregori aliingia baharini na viatu, maji magotini, kiunoni, kifuani, mikono yote miwili juu kama anayejisalimisha kwa polisi, na mchanga ukaisha chini yake akapotea.

Saa ya daktari ilikuwa dakika tisa na sekunde hamsini na moja. Boti ilikuwa upande wa pili, injini imezimwa. Editha hakuangalia saa wala boti. Alikata maji, na wote waliokuwepo walisema baadaye kwamba mita zile thelathini hakuna kijana wa kituo aliyewahi kuzikata vile. Akamshika mumewe kwa kola, ileile iliyoungua pasi, akamgeuza uso juu.

"Usinishike! Tulia! Lala kama umelala kitandani!"

"Nazama!"

"Huzami. Nimekushika."

Na Gregori, ambaye hajawahi kumtii mtu bila kubishana, akalala. Alitolewa mchangani akatapika maji na kile kilichoonekana kuwa chapati. Akafumbua macho, akamwona mkewe juu yake anahema kidogo tu.

"Kumbe ulikuwa hufi," alisema.

"Nilikuwa nafaulu."

Daktari Talha alisogea ameshika karatasi, uso umemshuka.

"Shikamoo mama."

"Sema tu, baba."

"Zilibaki sekunde tisa. Kila mtu ameona ulichofanya, na mimi binafsi... Lakini fomu inasema mahali pamoja, dakika kumi. Nikikuandikia tu, wenzako watasema nimekupendelea, na wewe mwenyewe ndiwe watakayekusema. Inabidi kurudia. Unaweza kupumzika, hata wiki ijayo."

Faraji akaanza kubisha kutoka kwenye boti. Gregori naye, amekaa mchangani na kiatu kimoja, akaanza kubisha. "Ameniokoa! Ni mashahidi nyie! Mnataka nini tena?"

"Nyamazeni," Editha alisema. Akakamua tisheti yake, akamtazama daktari. "Fomu iko sawa. Narudi sasa hivi."

"Umechoka, mama."

"Nimechoka kukaa huku juu."

Akaingia tena, peke yake. Gregori alimwona maji yakimpanda magotini, kiunoni, kifuani, akataka kufumba macho, akakumbuka alichoambiwa, uje uone, akayaacha wazi. Filimbi ikalia. Dakika ya kwanza Gregori alisimama ukingoni mwa maji. Dakika ya nne aliketi. Kufikia dakika ya saba alikuwa ameanza kuona kitu ambacho hakuwahi kukiona katika miaka ishirini ya ndoa: mkewe akiwa mahali ambapo hahitaji kutunzwa na mtu yeyote. Lilimuuma, hilo tuseme ukweli. Na lilimfurahisha mpaka akaona aibu.

"Nyie," aliwaambia walinzi waliosimama nyuma yake, "yule ni mke wangu. Anabeba kasa."

Filimbi ya pili ikalia. Watu wakapiga makofi, Faraji akapiga mluzi, daktari akaandika.

"Umefaulu, mama!" daktari aliita. "Dakika kumi! Toka sasa!"

Editha akanyanyua mkono mmoja kuonyesha amesikia.

"Mama Lusungu, wamesema utoke!" Gregori naye akaita.

"Nakuja!" alijibu, akalala chali juu ya maji.

Wala hakuja.